Wauza desktopu za "VR Ready" mnatupiga: kadi mpya kwenye boksi la ofisini haifanyi mashine ya mbio za magari

Wakuu, heshima kwenu. Leo sina lugha laini, mods mnisamehe mapema.

Mchezo wenyewe uko hivi. Mtu anakusanya Dell OptiPlex 9020 au HP EliteDesk 800 G1, desktopu za ofisini zilizoingia kwa mtumba. Anazipangusa vumbi, anaweka feni mbili za taa, anachomeka kadi ya grafiki aliyoiokota anakojua yeye, halafu bei inapanda kwa sababu ya stika ya "VR Ready", yaani eti iko tayari kwa VR, ile miwani inayokuingiza ndani ya gemu. Mteja anaongezewa na usukani wa Logitech G29 ili ajione amefika. Akivaa miwani ya Quest 2 na kuingia gemu la mbio la Assetto Corsa, magari 20 yakianza kubanana kona ya kwanza pale uwanja wa Monza, dunia nzima inakatakata, jasho linamtoka, kichefuchefu juu. Akipiga simu dukani anajibiwa: "Bosi, hiyo ni intaneti yako." Intaneti! Gemu liko kwenye diski yake, miwani iko mita mbili kutoka kwenye kompyuta, intaneti inaingilia wapi?

Tuanze na hesabu, maana wauzaji wanapenda ile kauli ya "hii inasukuma GTA V bila shida". Kioo cha kawaida cha 1920 kwa 1080 kwenye fremu (picha) 60 kwa sekunde kinataka pikseli kama milioni 124 kwa sekunde. Quest 2 ina 1832 kwa 1920 kwa kila jicho. Zidisha kwa macho mawili, kisha kwa fremu 72, unavuka milioni 500. Na hapo bado. Lenzi zinapinda picha, hivyo kompyuta inalazimika kuchora picha kubwa kuliko kioo chenyewe, kisha iipinde kinyume ili jicho lione sawa. Miwani ya Valve Index ina kioo cha 1440 kwa 1600 kwa jicho, lakini SteamVR, programu inayoendesha miwani, ikiwa asilimia 100 inachora 2016 kwa 2240. Karibu mara mbili ya kilichoandikwa kwenye boksi.

Halafu kuna muda. Kwenye fremu 72 kila picha ina milisekunde 13.9 tu kuwa tayari, kwenye fremu 90 ni 11.1. Fremu ikichelewa hata kidogo, mfumo unachukua iliyopita, unaisogeza kufuata kichwa chako na kukupa hiyo. Kwenye gemu la kutembea taratibu hutagundua. Kwenye mbio, gari la jirani linakupita ubavuni kwa kasi tofauti na yako, hapo ndipo unaona kivuli chake kikilifuata na mabango ya barabarani yakitetemeka. Kwa hiyo ule "wastani wa fremu 80" mnaotuonyesha dukani kwenye TV ni porojo. Wastani unaficha zile fremu chache zilizochelewa, na tumbo linachafuliwa na hizo hizo.

Umeme ndio unaonichefua kuliko vyote.

OptiPlex 9020 ya mnara inakuja na pawasaplai ya wati 290, na haina hata waya mmoja wa pini 6 wa kadi. Slotu ya PCIe, inakochomekwa kadi, yenyewe mwisho wake wati 75. Sasa fundi anataka kuweka kadi ya RX 580 (ya AMD) au RTX 2060 (ya NVIDIA), anafanyaje? Anachukua adapta inayogeuza waya wa SATA, ule wa diski, kuwa pini 6 au 8. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5. Jumla ampea 4.5, yaani wati 54. Pini 6 ya kadi ina ruhusa ya kuvuta wati 75, na pini 8 wati 150. Plastiki inaanza kulainika, pini zinageuka kahawia, harufu ya kuungua inatoka katikati ya mbio, mashine inazima. Muuzaji anakuambia umeme wa kwenu haujatulia. Ukifungua kasha ukakuta adapta hiyo, zima, chomoa, usiendelee hata kama "mbona imefanya kazi miezi miwili".

Ukisema ununue pawasaplai ya kawaida, kuna mtego mwingine. Dell hiyo haitumii soketi ya pini 24 kwenye madabodi, ina pini 8 za kwake. HP nayo ina pini 6 za kwake. Zipo waya za kugeuza na zinafanya kazi vizuri, mradi ununue ya mashine husika. Ya Dell usiiweke HP. Fundi anayetaka kukata waya na kuunga kwa kukisia rangi, mkimbie, maana siku akikosea anaondoka na madabodi yako.

Na pawasaplai zenyewe jamani! Boksi limeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa kama bango la mgombea. Geuza ubavuni, soma safu ya +12V. Ukikuta ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Kadi na prosesa vyote vinakula kwenye volti 12, kwa hiyo hizo 216 ndizo zako, nyingine zimejazwa kwenye volti 5 na 3.3 ambazo mashine ya leo haizihitaji sana. RTX 3060 peke yake ni wati 170. Tafuta inayotoa angalau ampea 40 kwenye 12V, hapo unazungumza na wati 480 za kweli.

Tuje kwenye kadi, ambako wizi ni wa wazi. Wale wa "hii ndogo haihitaji waya wa umeme" wanawapa watu RX 6400, na wakijitutumua wanaleta RX 6500 XT, ambayo hata waya inautaka. Sikilizeni vizuri. Quest haina mlango wa DisplayPort. Picha inabanwa kuwa video ndani ya kadi, inasafirishwa kwa USB au Wi-Fi, kisha miwani inaifungua. RX 6400 na RX 6500 XT hazina kabisa sehemu ya kubana video. AMD waliiondoa. Zaidi ya hapo zina njia nne tu za data za PCIe. Ukizichomeka kwenye madabodi yenye chipu ya H81, ambayo slotu yake ni PCIe 2.0, unabaki na gigabaiti 2 kwa sekunde kati ya kadi na prosesa. Kumuuzia mtu kadi hiyo ukijua ana Quest ni dhuluma, sina neno jingine. Kama hutaki kugusa pawasaplai, kadi ya maana isiyohitaji waya ni RTX 3050 ya GB 6. Inakula wati 70 na sehemu ya kubana video inayo. Lakini uwe mpole nayo: fremu 72, ubora wa picha chini.

Kuna na feki. GTX 550 Ti ya zamani inaandikwa upya BIOS yake (programu ya ndani ya kadi) isomeke GTX 1050 Ti, na Windows inaamini. Mlango wa VGA kwenye "1050 Ti" ni dalili mbaya tayari. Fungua GPU-Z, programu ya kukagua kadi, kabla ya kutoa hela, huwa inaandika neno FAKE mbele ya jina. Hapo hapo angalia mstari wa Bus Interface, bonyeza alama ya kuuliza pembeni yake ili kadi ifanye kazi, uone kama inatumia njia 16 za PCIe 3.0 au imebaki kwenye chache. RX 580 hesabu viini (vitengo vya kukokotoa): kamili ina 2304, ile ya 2048SP ina 2048. GTX 1060 ya GB 3 si ya GB 6 iliyopunguzwa memori tu, hata viini ni pungufu, 1152 dhidi ya 1280. RTX 3060 nayo ipo ya GB 8 yenye njia nyembamba ya memori. Unayoitaka ni ya GB 12.

Prosesa sasa. "Ni Core i7 hii bosi." i7 ya lini? i7-2600 ni ya 2011. Madabodi nyingi za rika hilo, H61 kwa mfano, chipu yake haina USB 3.0 ya asili, kwa hiyo Rift S au miwani yoyote inayodai USB 3 inaanza kusumbua siku ya kwanza. i7-4790 ya 2014 ndiyo ya mwisho ya kuvumilika. Gemu za mbio hazifanani na za risasi. Kila gari la kompyuta lina matairi, sasipenshi na injini vinavyokokotolewa muda wote, na Assetto Corsa ya 2014 inabebesha mzigo mkubwa kiini kimoja. Juu yake prosesa inatakiwa kuandaa amri za kuchora kwa macho mawili. Ndiyo maana mtu anabadilisha kadi mara mbili na bado inakatakata.

Kipimo chake ni cha bure. Shusha ukubwa wa picha kwenye SteamVR mpaka asilimia 50. Kukatakata kukiisha, kadi ndiyo ilikuwa imezidiwa. Kukibaki vilevile, rudisha ukubwa, kisha endesha peke yako bila wapinzani. Kukiisha hapo, ni prosesa, na hakuna kadi ya duniani itakayokuokoa. Anayetaka namba kamili aweke programu ya fpsVR, inaonyesha milisekunde za prosesa na za kadi kila moja kivyake.

Wenye Xeon, prosesa za Intel za mashine za kazi nzito, msinijie juu. HP Z440 ina pawasaplai nzuri ya wati 700, nakubali, na waya za kadi zipo. Ila Xeon E5-1650 v3 inafika GHz 3.8 tu kiini kimoja kikikimbia peke yake. Viini sita havikusaidii pale ambapo gemu limebanwa kwenye kimoja.

Microsoft nao wana lao. Kuanzia Windows 11 toleo la 24H2 wameondoa Windows Mixed Reality, mfumo uliokuwa ukiendesha baadhi ya miwani za VR. Miwani kama HP Reverb G2, yenye kioo cha 2160 kwa 2160 kwa jicho na inayopendwa sana na watu wa mbio, ikichomekwa kwenye toleo hilo haionyeshi kitu. Ndiyo maana inauzwa kwa bei ya kutupa na muuzaji kimya! Kuna draiva ya Oasis ya SteamVR inayoifufua, lakini inataka kadi ya NVIDIA. Mwenye RX asinunue. Windows 10 usaidizi wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na i7-4790 haimo kwenye orodha ya Windows 11. NVIDIA nao wamezitoa GTX 900 na 1000 kwenye draiva mpya za gemu, zimebaki na masasisho ya usalama. Kwa hiyo GTX 1080 Ti ya "bei ya ndugu" iangalie kwa jicho hilo, na wati 250 zake.

Wanaotumia Air Link, yaani Quest bila waya kupitia Wi-Fi, tazameni ruta. Nyingi za bei nafuu zina milango ya LAN ya Mbps 100, na Air Link inaweza kutaka mpaka 200. Kompyuta iunganishwe kwa waya wa Cat5e wenye jozi zote nne, mlango wa gigabiti, miwani ibaki kwenye GHz 5 ndani ya chumba hichohicho. Kompyuta nayo ikiwa kwenye Wi-Fi, mnagombania hewa ileile mara mbili.

Sasa nini cha kufanya na mashine ya zamani? Ukiwa na i7-4790 kwenye bodi ya Q87, weka RAM vipande viwili vya GB 8, kikiwa kimoja tu kinakata kasi ya memori nusu. Weka SSD, pawasaplai ya kweli na adapta yake, kisha RTX 2060. Ila pima nafasi ya kasha kwa rula kwanza, kadi ndefu inagonga kishikilia diski. Cheza Automobilista 2 na Dirt Rally 2.0 kwenye fremu 72, wapinzani 10 hadi 12 kwenye Automobilista 2, vivuli chini, vioo vya pembeni ubora wa chini kabisa, maana kila kioo ni mandhari inachorwa upya. Assetto Corsa Competizione isahau.

Ukiwa chini ya hapo, i7-3770 kushuka, usiongeze hata senti. Uza, bakiza SSD na usukani. Chukua bodi ya B550, Ryzen 5 5600, GB 16 za DDR4-3200 kwa vipande viwili, RTX 3060 ya GB 12, pawasaplai ya wati 650. Ukiangukia B450 iliyotumika, hakikisha BIOS imesasishwa kabla hujatoka dukani, la sivyo 5600 haiwaki na huna prosesa ya zamani ya kuisasishia. Baadaye bodi hiyohiyo inapokea prosesa ya 5700X3D yenye MB 96 za kashe (memori ya haraka ndani ya prosesa), na kwenye gemu za mbio kashe hiyo inaonekana kwa macho.

Wauzaji mlioko humu najua mnasoma. Anayebisha aweke picha tatu: lebo ya pawasaplai, dirisha la GPU-Z, na grafu ya fpsVR magari 20 yakiwa mbele yako mzunguko wa kwanza pale uwanja wa Spa. PM za "tuyamalize kistaarabu" sijibu.