Kapleya kadogo ka nyimbo: nani anatumia, na kanadumu kweli?

Kutoka: Nyar Ahero, Minneapolis

Wapendwa habari zenu, natumai baridi haijawamaliza. Niko na swali na msinicheke. Kazi yangu sahii ni ya stoo kubwa ya mizigo, usiku kucha, na simu tunaacha kwa loka kabla ya kuingia, hakuna mjadala, mwenzangu mmoja alipatikana nayo mfukoni akarudishwa nyumbani usiku huo huo. Lakini supavaiza anasema kitu ya muziki isiyo na kamera na isiyo na laini ni sawa, bora sikio moja libaki wazi usikie mashine ya kubeba mizigo ikikujia nyuma. Masaa kumi ya kupanga boksi bila hata sauti ya mtu, kuna siku nilijipata naongea na boksi.

Kwa hivyo nataka kapleya kadogo, kale ka kubana kwa kola. Nani ako nako? Kanakaa na chaji? Na mnaweka aje nyimbo zetu, benga ya zamani na kwaya za kanisani, juu hizo kwa hizi programu za kulipia kila mwezi natafuta nikipata moja nakosa kumi. Ingine ni hii, Disemba naenda nyumbani na nataka nimbebee mamangu moja pia. Ako na sabini na kitu na macho si mazuri sana. Asanteni.

Kutoka: Wa Bondeni, Leeds

Dada pole na hiyo zamu. Mimi niko nayo huu ni mwaka wa nne, ya GB 8, ndogo kama kiberiti na klipu nyuma. Niko upande wa dobi kwa nyumba ya kutunzia wazee na huko pia simu ni marufuku.

Uzuri wake ni kwamba unasahau uko nayo. Nimeiangusha kwa ngazi mara sijui ngapi, siku moja nusura iingie kwa mashine ya kufua na shuka za watu, bado inaimba. Naichaji Jumapili na mpaka Alhamisi iko macho, na mimi siisikilizi kidogo. Nyimbo za MP3 za kawaida, zile za kilobiti 128 kwa sekunde, dakika moja inakula karibu MB 1, so wimbo wa dakika nne ni kama MB 4 na GB 8 inabeba kama elfu mbili. Lakini benga unaijua wewe, wimbo mmoja dakika saba nane, na pale mwisho gitaa ikipanda hakuna mtu mwenye akili timamu anataka ikatwe. Weka elfu moja basi. Bado utazimaliza lini.

Ubaya sasa. Skrini ni ya kuchungulia, vitufe ukiwa na glavu sahau. Na sauti yangu ilikuja chini mno, nikajua nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, wiki mbili nasukumia hedifoni ndani ya sikio kama mtu anayechokonoa nta. Kumbe siku ya kwanza iliniuliza niko sehemu gani ya dunia nikajibu Ulaya! Ukijibu hivyo inabana sauti, juu kiwango cha Ulaya kinataka mashine ikae desibeli 85 mpaka mwenyewe ukubali kupita, na hata ukikubali mwisho ni 100. Nikarudi kwa mipangilio nikachagua ile ya kwingine duniani, eeh, ikafunguka. Sisemi mfanye hivyo kila siku, masikio hayana spea, ila kwa ile basi ya saa kumi na moja asubuhi nilikuwa sisikii kitu.

Kuweka nyimbo ni rahisi, unachomeka kebo kwa kompyuta, inafunguka kama flashi, unaburuta folda umemaliza. Ukiona pleya inataka programu yake maalum ndio ikubali wimbo, wachana nayo.

Kutoka: Mwana wa Mumias, Oslo

Mulembe wote.

Mimi niongee redio tu. Nilinunua kamoja hapa juu kwa boksi waliandika iko na redio ya FM, nikafurahi, nikasema nitakuwa nasikiliza habari kwa treni nijifunze hii lugha yao pole pole. Kufika nyumba natafuta stesheni, ni shhhhh mwanzo mpaka mwisho. Nikarudi dukani nikiwa mkali, kijana wa duka ananiangalia kama mtu ametoka mwezini. Norwei walizima FM za kitaifa 2017, walianza Januari huko kaskazini wakaenda mkoa kwa mkoa mpaka Desemba, sahii ni DAB, yaani redio ya kidijitali, FM zimebaki zile stesheni ndogo ndogo za mitaa. Uswisi nao redio za umma zilitoka FM mwisho wa 2024. Kwa hivyo mlio Ulaya ulizeni kabla ya kulipa.

Lakini dada, nyumbani FM iko pale pale, 87.5 mpaka 108, na naona kwa mama hiyo redio ndio atafungua kwanza, Ramogi FM alfajiri kabla hata chai haijachemka. Wangu ni Mulembe FM, ukigusa hiyo nobu ni kesi ya wazee. Halafu kumbuka kwa hizi pleya ndogo waya wa hedifoni ndio antena. Usipouchomeka hakuna redio, na mzee hawezi elewa mbona redio inataka akae na waya masikioni kama daktari.

Kutoka: Kijana wa Kondele, Doha

Omera maneno yangu ni machache. Usiiache kwa gari. Mimi niliacha kwa dashibodi Julai, kurudi jioni betri imefura imesukuma kioo nje. Na nunua hedifoni ya waya, hizi za blututhi zinakula chaji ya pleya alafu moja ikianguka kwa mtaro umebaki na sikio moja. Ni hayo tu, naingia shifti.

Kutoka: Mzee wa Lanet, Nakuru

Vijana wangu hamjambo. Nilikaa Dallas miaka kumi na tisa nikarudi hapa Lanet, lakini barua zenu bado nazisoma kila asubuhi na chai.

Nina droo imejaa hivi vitu. Iko na Walkman ya kaseti, Sony walianza kuziuza 1979, mimi yangu mjomba aliniletea miaka ya themanini na Nakuru nzima ikajua. Iko na iPod ya kwanza kwanza, ile ya 2001 yenye diski ya GB 5, nzito kama sabuni ya mche. Iko na zile ndogo pia. Sasa naona wengine wenu mnafikiria kununua iPod ya mtumba kwa intaneti juu inapendeza macho. Zile iPod ndogo, nano na shuffle, Apple waliacha kutengeneza 2017, ya mwisho kabisa, touch, ikaenda 2022. Maana yake hata ile mpya kabisa unayouziwa ndani iko na betri ya zamani. Yangu nilipeleka kwa fundi hapa mjini, kijana anajua kazi, simu gani hajafungua, akaigeuza geuza akanirudishia akasema, "Mzee, hii si ya kufungua, hii ni ya kuzika."

Na betri ya lithiamu ukiiacha tupu kwa droo mwaka mzima haitaamka. Ukiweka kitu kando iache na chaji nusu hivi. Mimi nimejifunza hivyo kwa hasara, mara tatu.

Sasa mama. Binti yangu, mama wa miaka sabini hataki kitu ya kubana kwa kola. Anataka spika, kitufe kikubwa cha kuwasha, na kitu anaweza weka juu ya kabati ikaimba akichambua mboga. Kuna zile redio ndogo za Kichina zenye tundu la memori kadi na flashi, nyingi zinatumia betri ya simu ile ya Nokia, BL-5C. Hiyo betri unaipata kila kibanda, hapa soko la Wakulima, huko kwenu Kisumu soko la Kibuye, mpaka kwa duka la kijijini. Ikichoka anabadilisha kama balbu. Usiihangaikie Marekani, inunue Kisumu ukifika, uje tu na kadi imejaa.

Kutoka: Nyar Ahero, Minneapolis

Mzee shikamoo na asante sana, lakini niambie, nitoke Marekani na ndege mbili alafu nimpe mama kitu imetoka Kibuye? Majirani watasema nilikuwa Kibuye hii miaka yote.

Kutoka: Mzee wa Lanet, Nakuru

Marahaba. Toa stika.

Kutoka: Nyar Ahero, Minneapolis

Wapendwa narudi na ripoti, ni wiki tatu sasa. Nilinunua ya kubana, ndogo, GB 8 na tundu la kadi. Zamu ya kwanza nayo nilifika asubuhi sijui masaa yameenda wapi, nilikuwa kwa Shirati Jazz, ile bendi ya benga, na boksi zinapita zenyewe, supavaiza anauliza leo umekula nini.

Lakini matatizo mawili. Kwanza nyimbo. Ndugu yangu alienda mjini Kisumu kwa yule kijana wa kuweka nyimbo kwa flashi, akajaziwa, akanitumia folda zote. Kwa kompyuta naona majina vizuri, nikitia kwa pleya zote zimeenda chini ya "msanii hajulikani", mia sita na kitu, kwaya imechanganyika na ohangla, juzi saa tisa usiku nimetoka kwa zaburi nikaingia moja kwa moja kwa wimbo wa kilabu.

Pili ni kadi. Nilinunua ya GB 64 pleya ikakataa kuiona kabisa. Nikanunua ingine kwa intaneti, duka sitalitaja, GB 128 bei ya soda mbili, hiyo ikaonekana, nikajaza, nikashukuru Mungu. Nyimbo za kwanza kwanza zinaimba, zingine zote zinaandika kosa. Nimeuma ulimi.

Kutoka: Wa Bondeni, Leeds

Dada rahisi ni ghali, hiyo ya GB 128 ni feki. Ndani pengine ni GB 8 imeandikwa uongo, ikijaa inameza tu bila kulalamika. Kuna programu ya bure inaitwa H2testw, inaandika kadi yote alafu inasoma tena, itakuambia ukweli. Ukipata jibu rudisha, na piga picha ya skrini, hawa watu bila ushahidi hawarudishi kitu.

Ile ya 64 ni nzima, shida ni mpangilio wa kuhifadhi mafaili ndani yake. Kadi za kupita GB 32 zinakuja na exFAT na pleya nyingi ndogo zinasoma FAT32 peke yake. Unaweza kuiformati upya lakini ile njia ya kawaida ya Windows iligoma kwa miaka mingi kutengeneza FAT32 ikipita 32, unahitaji programu ingine ndogo. Kusema ukweli mimi ningenunua tu kadi ya 32 ya duka la kuaminika nilale.

Majina sasa. Hizi pleya nyingi hazisomi jina la faili, zinasoma lile limeandikwa ndani ya wimbo wenyewe, msanii, albamu, namba. Vijana wa flashi hawana wakati wa hiyo. Chukua Mp3tag, ni ya bure, unachagua folda nzima unaandika msanii mara moja inaingia kwa nyimbo zote. Ama angalia kama yako ina menyu ya folda, zingine ziko nayo imejificha huko chini kabisa. Ile kazi ya majina mimi ilinichukua wikendi mbili, mvua inanyesha, nikagundua nina wimbo mmoja mara kumi na moja chini ya majina kumi na moja.

Kutoka: Mwana wa Mumias, Oslo

Na ukisafiri hivi vitu vya betri beba mkononi. Kama unabeba betri za ziada hizo ndio kabisa haziruhusiwi kwa sanduku la kuingia chini ya ndege.

Kutoka: Nyar Ahero, Ahero

Nimefika salama, jua hapa ni la kukaanga. Mp3tag ilinimaliza lakini ilifanya kazi, kadi ya 32 imejaa, kwaya peke yake na benga peke yake.

Mama nilimpa ya kubana kwanza, kwa heshima ya nauli. Akaivaa kwa kola, akasikiliza wimbo mmoja na nusu, akavua hedifoni akauliza mbona anaimbiwa ndani ya kichwa kama mgonjwa. Siku ya pili nikaenda Kibuye, Mzee nimetoa stika. Ile redio iko juu ya kabati na inapiga mpaka jirani anaitikia kwaya ng'ambo ya ua. Ila saa moja jioni mama anatoa kadi mwenyewe, anaweka kando kwa kisahani, anarudisha redio kwa stesheni. Nikamuuliza si hizo ndio nyimbo zako. Akasema nyimbo ni nzuri, lakini hiyo kadi haitangazi nani amekufa na anazikwa lini, sasa yeye atajuaje matanga ya kuenda.

Ile ya kubana mpwa wangu wa boda ameshaiangalia kwa jicho baya, nimemwambia narudi nayo stoo. Niko huku mpaka tarehe kumi, anayetaka nimbebee omena aseme mapema, na aseme kilo ngapi, msiniletee ile ya "kidogo tu".