Nina wiki 36, mimba ya kwanza. Njia zipi za kupunguza uchungu bila dawa zilikusaidia kweli?

mamakijacho_tanga

Habari zenu wadada, mama zangu na wakunga mliopo humu. Niko Tanga mjini, mimba yangu ya kwanza, kliniki sijakosa hata mara moja na kipimo cha mwisho wameniambia mtoto kashageuza kichwa chini, presha iko sawa, damu iko sawa. Kinachonitesa ni woga wa uchungu. Usiku silali, naamka saa nane naanza kuwaza. Pale ntakapojifungulia ile sindano ya mgongoni ya kuondoa maumivu hakuna, nesi kaniambia wazi kabisa mama huku kwetu ni kujikaza. Sasa kujikaza ndo kufanyaje? Kuuma kanga? Kunyamaza?

Nimeuliza watu kila mmoja ana lake. Dada yangu anasema maji ya moto, mwenzangu kazini anasema ule mpira mkubwa wa mazoezi, shangazi kashaanza habari za mizizi ya kuchemsha eti ntajifungua chap. Mi nataka kitu ambacho naweza kukifanya mwenyewe au mtu wangu anifanyie, kwenye wodi ya kawaida ambayo vitanda vimepangana na kati ni pazia. Naombeni wale mliopitia mniambie ukweli, na kama kuna kitu hakikusaidia pia semeni.

mama_wawili

Mdogo wangu pole na hongera, hiyo saa nane ya usiku naijua.

Nimejifungua mara mbili na zilikuwa tofauti kabisa. Ya kwanza nililazwa kitandani chali, nikaambiwa tulia, nikakaa hivyo masaa sijui mangapi nimeshika chuma cha kitanda, kila uchungu ukija nabana pumzi na mwili wote unakuwa mgumu kama ubao. Nilitoka pale nimeapa sizai tena.

Ya pili uchungu wote ulikuwa mgongoni, pale chini kabisa juu ya makalio, yani kama mtu anakupasua mfupa kutokea ndani. Mama yangu aliruhusiwa kuingia. Akanisimamisha, nikaegemea kitanda kwa viwiko, akaweka kiganja chake pale kwenye mfupa akabonyeza kwa nguvu, hasugui, anabonyeza tu na kuniegemea na uzito wake mpaka uchungu unapita, ukiachia na yeye anaachia. Nakwambia ukweli uchungu haukuondoka, ila ulibebeka. Kuna mara moja alienda kunywa maji uchungu ukanikuta peke yangu, nikaona tofauti yake, nikapiga kelele mamaa rudi. Mikono ilimuuma siku tatu yule mama, mpaka leo nikikumbuka namuombea.

Kilichonishinda ni kupapaswa. Nilidhani masaji itanifaa, nilinunua na mafuta ya nazi mazuri, lakini uchungu ulipochanganya sikutaka mtu anipapase hata kidogo, nikawa namtoa mkono. Kwahiyo usijifunge na kitu kimoja, siku yenyewe mwili ndo utakwambia unataka nini.

mkunga_mstaafu

Binti yangu, nimekaa wodi ya wazazi miaka 27 na hilo neno kujikaza tulilisema sana, naomba radhi kwa niaba ya wenzangu. Ukijikaza unabana, na misuli ikibana maumivu yanaongezeka. Sisi tulitakiwa kukwambia ulegee.

Nianze na mtu wa kukaa na wewe, maana kwa macho yangu hiyo inashinda mipira na mashine zote. Mwaka 2017 ulikusanywa utafiti wa wanawake zaidi ya 15,000 kutoka nchi 17, wale waliokuwa na mtu wa kuwashika mkono muda wote walihitaji dawa za maumivu kidogo, waliopasuliwa walikuwa wachache, na uchungu wao ulikuwa mfupi. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likaandika kabisa kwamba kila mama awe na msindikizaji anayemtaka mwenyewe. Hata hapa kwetu, Kigoma, kuanzia 2016 walijaribu kwenye vituo vya serikali na wasindikizaji wakaingia leba. Kwahiyo nenda kliniki wiki hii uliza, je naruhusiwa kuingia na mtu, na je akiwa mwanaume anaruhusiwa? Usisubiri siku ya uchungu ndo ujue mlangoni.

Pili usilale chali. Tumbo linakandamiza mshipa mkubwa wa kurudisha damu kwenye moyo, wewe unasikia kizunguzungu na mtoto anapata damu kidogo. Tembea, simama, piga magoti ushike kitanda, lala ubavu ukichoka. Utafiti ulionyesha wanaokaa wima au kutembea, hatua ya kwanza, ile ya njia kufunguka, inafupika kama saa moja na dakika 20 hivi, na kwa mwenye uchungu hiyo si haba. Na wewe ni wa Tanga, nani akufundishe kuzungusha kiuno? Zungusha taratibu umeegemea ukuta, nyonga zinalegea na mtoto anapata nafasi ya kushuka. Huo mpira wa mazoezi kazi yake ni hiyohiyo, ukiwa nao mzuri, ukikosa hujapoteza kitu. Ila chupa ya uzazi ikipasuka na ulikuwa umeambiwa kichwa bado kiko juu, usiendelee kutembea mpaka upimwe, kitovu kinaweza kutangulia. Na ikipasuka ukiwa nyumbani usikae, njoo hospitali.

Joto nalo. Chupa ya chai ya maji moto, taulo dogo, kamua, jaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wako kwa ndani, ikikuunguza hapo itakuunguza na mgongoni. Weka kiunoni kwa nyuma. Mkunga akikubali, wakati wa kusukuma kitambaa cha vuguvugu kwenye msamba, pale kati ya uke na njia ya haja kubwa, kinasaidia pia usichanike vibaya.

Kwanini kubonyeza na joto vinasaidia? Ukijigonga goti si unalisugua hapohapo bila kufikiri. Ile hisia ya kusuguliwa inashindana na maumivu kwenye uti wa mgongo, kama watu wawili wanagombania mlango mmoja. Wanasayansi Melzack na Wall ndo waliolieleza hilo mwaka 1965, ila bibi zetu walikuwa wanabonyezana viuno zamani sana.

Pumzi: vuta puani taratibu, toa mdomoni kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, mabega yashuke, taya lilegee. Usiheme harakaharaka, vidole vitakufa ganzi na kichwa kitazunguka. Na ukitaka kulia lia, ila sauti iwe ya chini ya kifuani, ile ya juu inakukaba koo. Nenda haja ndogo kila baada ya masaa mawili hata kama huisikii. Chai na uji kidogo ruksa kama huna tatizo na mkunga hajakukataza.

Mizizi ya shangazi, binti yangu nakusihi HAPANA. Nimeona mama kaingia mlangoni na uchungu usioachia hata dakika, mtoto mapigo yameshuka, tunauliza umekunywa nini anasema sijanywa kitu, mama mkwe pembeni anaangalia chini. Hakuna anayejua kipimo cha kile kikombe, na kizazi kinaweza kupasuka. Mshukuru shangazi, mwambie akuandalie supu ya baada.

zawadi_ughaibuni

Mi nilijifungulia Uingereza mwaka juzi. Huku nilitumia kimashine cha umeme mdogo, unabandika vipande vinne mgongoni halafu unashika kidude mkononi, uchungu ukija unabonyeza kinaongeza mtekenyo. Masaa ya mwanzo nikiwa bado nyumbani kilinisaidia hasa kwa sababu nilikuwa na kitu cha kufanya na mkono wangu. Uchungu ulipochanganya nikakitoa nikakirusha. Hata mkunga aliniambia mapema kwamba hicho ni cha mwanzoni tu, kwahiyo usihangaike kuagiza.

Kilichonipumzisha ni maji ya uvuguvugu, walinijazia beseni kubwa la kuzama mpaka tumboni, niliposhuka tu mabega yalilegea yenyewe. Najua wodini kwako halipo. Lakini wakati uko nyumbani uchungu bado wa mbalimbali, kaa bafuni kwenye kistuli, mtu akumwagie maji ya vuguvugu kiunoni kwa kata. Hiyo haihitaji Uingereza.

baba_junior

Naomba niongee kama mume. Mi nilijua kazi yangu ni kulipia na kukaa nje na simu. Wife alipokuwa na miezi nane mkunga mmoja akatuonyesha kitu, mama anapiga magoti, mume anasimama nyuma anaweka viganja viwili pande zote za nyonga na kusukuma kwa ndani kuelekea juu, kama unafunga kitabu. Tukafanya nyumbani kila jioni baada ya taarifa ya habari. Siku yenyewe hawakuniruhusu kuingia kwa sababu ya wale kina mama wengine, sawa nikaelewa, lakini nyumbani kabla hatujatoka nilifanya zaidi ya masaa manne. Alifika njia ikiwa imefunguka sentimita 6. Mwambie mume wako ajifunze hata kama hataingia, sehemu kubwa ya uchungu wa mimba ya kwanza inapita nyumbani.

neema_m

Naongezea upande ambao watu hawausemi. Mi nilifanya vyote hivyo, pumzi, kutembea, dada yangu kanibonyeza mgongo usiku kucha, na mwisho njia ilisimama sentimita 7, mtoto akaanza kuchoka nikapasuliwa. Nilikaa miezi nalia kwamba nimeshindwa, na kuna ndugu aliniambia usoni hukuzaa, ulizalishwa. Dada nisikilize, hizi njia ni za kukusaidia kupita kwenye uchungu, si mtihani wa kufaulu. Siku ikifika na wakakwambia kuna shida, au wewe mwenyewe ukasema siwezi tena nipeni dawa iliyopo, kubali na usimwombe mtu yeyote msamaha. Mwanangu ana miaka mitatu sasa, anakimbia nyumba nzima.

Na uchungu ukiwa hauachii kabisa, ukatoka damu nyingi, maji yakawa ya kijani, kichwa kinauma na macho yanaona giza au mtoto kaacha kucheza, hapo weka pumzi na mataulo pembeni, nenda hospitali mara moja.

mamakijacho_tanga

Jamani nimesoma huku nalia, asanteni sana. Mama mkunga hapo pa kulegea badala ya kukaza umenitoa mzigo. Neema pole mama, nimekuelewa na nimemsomea mume wangu yale yako.

Leo nimepita kliniki nimeuliza. Wamesema mtu mmoja anaruhusiwa na awe mwanamke, na simu azime. Mama yangu yuko Lushoto atashuka wiki ijayo, mume wangu atafanya ya nyumbani. Nimeshaweka kwenye begi taulo mbili ndogo, chupa ya chai, na kanga za ziada. Shangazi nimemwambia supu, kanuna kidogo ila kakubali.

Dada mama_wawili swali moja la mwisho, ule mkono wa mama ulikuwa kiganja chote au ngumi? Nimejaribu na mume wangu jana akawa ananiumiza.

mama_wawili

Kisigino cha kiganja, pale chini karibu na kifundo cha mkono, vidole vimelegea. Mfupa wenyewe ni ule bapa katikati chini ya kiuno, asiende kwenye uti wa mgongo juu, labda ndo anapokuumizia. Mwambie aweke kiganja bila nguvu kwanza, wewe ndo umwongoze, chini, kushoto kidogo, hapohapo, ndo aegemee taratibu. Mkono aunyooshe asikunje kiwiko, atumie uzito wa mwili la sivyo atachoka dakika tano. Na mama akifika mfanye naye pia, mkono wake ni tofauti na wa mume wako.

mamakijacho_tanga

Tumejaribu sasa hivi. Hapohapo kabisa. Nitaleta mrejesho Mungu akijalia.