Namna ya kupanga maandishi ya wakili anapomwona mteja kasho

Wakili wa mafunzo, Lubumbashi
Wakubwa zangu, naomba ushauri. Ninapoitwa kumsaidia mtu aliyefungiwa kasho (mahabusu) ya polisi, mara nyingi hupewa dakika chache tu za kuzungumza naye, tukiwa tumesimama mlangoni na askari yuko karibu. Je, ni afadhali niandike maelezo yake kama anavyoyatoa, au niende na karatasi iliyokwisha kupangwa? Na kama ni karatasi, jambo gani litangulie?

Maître, Kampemba
Mdogo wangu, nenda na karatasi iliyopangwa, na juu kabisa uweke saa. Kifungu cha 18 cha Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006 kinakataza polisi kumzuilia mtu kupita saa 48. Muda huo ukiisha, aachiliwe au afikishwe mbele ya mamlaka ya sheria. Lakini daftari la kasho huonyesha saa aliyoandikishwa, na kama alizungushwa nusu siku ndani ya gari kabla ya kufikishwa hapo, ni wewe utakayelazimika kulieleza hilo kwenye parke (ofisi ya waendesha mashtaka). Kwa hiyo andika saa zote mbili, ya kukamatwa na ya kuandikishwa, mahali alipokamatiwa, na nani alikuwepo. Tena mteja akisema alikamatwa saa mbili, muulize kama ni asubuhi au usiku, kisha uandike 8:00 au 20:00, kwani PV (hati ya mahojiano ya polisi) huandikwa kwa Kifaransa na saa zake hazihesabiwi kama zetu.

Wakili, Bukavu
Kuhusu saa nakubaliana na Maître, ila kwangu mwili wa mteja ndio unaotangulia, kwa sababu uvimbe hushuka. Kabla hajaanza kusimulia kisa, mtazame na uandike, kwa mfano: mkono wa kushoto, juu ya kiwiko, alama nyekundu yenye upana wa vidole viwili. Sheria ya tarehe 9 Julai 2011 inaadhibu mateso, lakini neno «amepigwa» peke yake halimsaidii hakimu. Kisha gawa ukurasa sehemu tatu: anayosema mteja, anayosema OPJ (afisa wa polisi anayepeleleza kesi), na uliyoyaona wewe mwenyewe. Mpango wa utetezi usiuandike hapo kabisa, maana karatasi hiyo inaweza kusomwa na mwingine. Umri pia uulizwe mapema: aliye chini ya miaka 18 analindwa na sheria ya Januari 2009, na kesi yake ni ya mahakama ya watoto.

Wakili wa mafunzo, Lubumbashi
Asanteni sana. Na kama amekwisha kutia sahihi PV kabla sijafika?

Maître, Kampemba
Muulize alisomewa kwa lugha gani na nani alimfasiria. PV kwa kawaida humalizika kwa kusema kwamba mhojiwa amesomewa, ameshikilia maneno yake na kutia sahihi. Andika kama kweli alisomewa, na kila sentensi anayoikana uinakili kwa maneno yake mwenyewe, siku hiyohiyo. Ikiwa aliomba wakili akakataliwa, weka saa aliyoomba na cheo cha aliyemkatalia, kwa kuwa kifungu cha 19 cha Katiba kinampa haki ya kusikilizwa mbele ya wakili wake tangu uchunguzi wa polisi.