Mrejesho: Katuni ya mlinzi wa mtoto

Wakuu, wiki iliyopita niliomba katuni ya mapambano na vichekesho, yenye mlinzi anayemlinda mtoto, niangalie na binti yangu wa miaka 9. Asanteni sana mliotaja Iwájú. Sehemu zote 6 tumezimaliza kwa siku mbili.

Mlinzi mwenyewe ni mjusi! Otin anaonekana mjusi wa kufugwa tu, kumbe ni roboti aliyetengenezwa na baba wa msichana Tola amlinde bintiye, maana Lagos ya Nigeria ya miaka ijayo, ambako hadithi inatokea, ina watekaji watoto. Otin alipoanza kazi, binti yangu alisimama juu ya kochi, kakumbatia mto, chai yake ikapoa hadi ikaweka utando.

Ila wazazi wenzangu, Bode, mkuu wa watekaji, anatisha kweli. Mwenye mtoto mdogo sana asubiri kwanza.

Kilichonigusa zaidi: Disney waliitoa 2024, lakini waliobuni hadithi ni Kugali, kampuni ya vijana wa Kiafrika, na mwanzilishi mmojawapo, Hamid Ibrahim, ni Mganda. Jirani yetu kabisa! Jana nimekuta mjusi kachorwa kwenye daftari la hesabu. Sijamgombeza.