Naombeni ushauri: nataka kuanza kusoma Biblia mwenyewe, kila mwaka naishia Walawi

Mlinzi_wa_Usiku (mleta uzi)
Bwana Yesu asifiwe wakuu. Mimi ni mlinzi, naingia lindo saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Nimezaliwa Mlutheri, kipaimara nimepata, mistari tuliyokaririshwa kipindi kile ninayo mpaka leo, ila ukweli sijawahi kukaa mwenyewe nikasoma kitabu hata kimoja cha Biblia kikaisha. Naisikia Jumapili tu ikisomwa na mtu mwingine.

Nimejaribu mara tatu, kila Januari. Mwanzo inaenda vizuri kabisa, Abrahamu, Yakobo, Yusufu na ndugu zake hapo hata usingizi siusikii, Kutoka nayo inakwenda mpaka Bahari ya Shamu na zile amri kumi za sura ya 20, halafu sura ya 25 zinaanza habari za hema, mbao, mapazia, vitanzi, najikaza, nikifika Walawi na sadaka zake nimeshachoka, naruka siku moja, siku mbili, basi mpaka Januari nyingine.

Kilichonirudisha ni hiki. Mwezi uliopita mwenzangu wa lindo kafiwa na mama yake, tumerudi kazini tuko wawili getini saa 8 usiku akaniambia kaka hebu nisomee chochote. Nikamsomea Zaburi 23 maana ndiyo pekee ninayojua ilipo. Akaniuliza, nyingine? Nikafungua huku na huku, sikujua pa kwenda. Imeniuma sana mpaka leo.

Nianzie wapi, na nifanyeje nisiishie njiani tena? Halafu hii Biblia yangu ya zamani Kiswahili chake kuna sehemu sikielewi.

Mama_Jumuiya
Tumsifu Yesu Kristo. Pole kwa rafiki yako. Kwanza kabla ya yote msomee Yohana sura ya 11, pale Yesu anapofika kwa Martha na Mariamu wameshamzika Lazaro siku nne, na yeye mwenyewe akalia. Na Zaburi 130, fupi tu, ya mtu anayelia kutoka shimoni.

Sasa wewe. Usianzie ukurasa wa kwanza. Hivi ni vitabu vingi vimefungwa pamoja, kwenu 66, kwetu Wakatoliki 73, hakuna anayekulazimisha uvisome kwa mpangilio wa jalada. Anza na Marko. Ina sura 16 tu, ndiyo Injili fupi kuliko zote, na haina maneno mengi, Yesu yuko njiani muda wote, ametoka hapa ameingia pale. Sura moja kwa siku, ikikushinda soma nusu.

Fundi_Bomba
Mimi nasoma Mithali. Zipo sura 31, leo tarehe ngapi ndiyo sura hiyohiyo, ukikosa jana hudaiwi, unasoma ya leo. Mwaka wa nne huu.

Mzee_wa_Kanisa
Naomba nitofautiane kidogo na dada hapo juu. Marko yenyewe inaanza kwa kumtaja nabii Isaya, mstari wa pili tu, sasa kijana asipoonja Agano la Kale atasoma nusu ya habari. Nakushauri Marko iwe chakula, lakini kila siku weka na Zaburi moja, zipo 150, ya 117 ina mistari miwili tu. Walawi utairudia ukishasoma Waebrania, utashangaa jinsi zile sadaka zinavyoanza kuzungumza.

Na muda, usisome ukiwa kitandani umetoka lindo, utalala. Funga kusoma kwako na kitu unachofanya tayari kila usiku.

Mlinzi_wa_Usiku
Nashukuru sana mzee. Saa 9 usiku huwa namaliza kuzunguka fensi ndiyo nakaa nanywa chai ya chupa. Nitaiweka hapo.

Mwl_Mstaafu
Hapohapo. Mimi naongeza moja tu. Matendo sura ya 8 kuna yule towashi wa Kushi, mtu mkubwa, mtunza hazina wa malkia, anatoka Yerusalemu kuhiji yuko garini anasoma Isaya. Filipo akamkimbilia akamuuliza kama anaelewa anachosoma, naye hakuona aibu, akajibu nitaelewaje bila mtu wa kuniongoza, akamwomba apande wakae pamoja. Kijana, wewe umeshapewa mtu wa kukaa naye. Huyo mwenzako wa getini. Msisome kila mtu kivyake, mpokezane.

Dada_wa_Daftari
Nunua daftari la mia tano, kila usiku andika mstari mmoja uliokugusa na swali moja. Mimi nilikuwa nasoma nasahau palepale, daftari ndilo lililonitoa.

Mlinzi_wa_Usiku
Mrejesho wakuu. Leo ni siku ya nne, tumefika Marko 4, na jamaa alikubali tupokezane. Swali la kwenye daftari: mstari wa 38 Biblia yangu inasema Yesu alikuwa katika shetri amelala juu ya mto. Shetri ni nini? Na mto upi tena wakati wako ziwani?

Mtoto_wa_Pwani
Hahaa hilo la kwetu. Shetri ni nyuma ya chombo, kwenye jahazi ndipo anapokaa nahodha na usukani. Na mto hapo ni huu wa kulalia kichwa. Hiyo Biblia yako itakuwa ni Union Version ya 1952, iliunganisha tafsiri ya Mombasa na ya Unguja ndiyo maana maneno ya mabaharia yamejaa. Usiitupe. Chukua na Biblia ya Habari Njema, ile tafsiri ya Kiswahili chepesi, uweke pembeni, ukikwama linganisha, zote zipo hata kwenye simu.

Mama_Jumuiya
Na huo mto wa kulalia, angalia Mathayo na Luka wanavyosimulia dhoruba hiyohiyo, hawautaji. Ni Marko peke yake.

Mlinzi_wa_Usiku
Kumbe alikuwa na mto kabisa, amechoka amelala. Nimemsomea jamaa hapa getini kwa tochi ya simu akakaa kimya muda mrefu, halafu akasema rudia. Nimerudia. Kesho sura ya 5, zamu yake kusoma.