Naomba ushauri: mishale ya geji za Yamaha DT125 ya zamani imevunjika

Mparachichi: Habari zenu wanajukwaa. Nina Yamaha DT125 ya zamani, ile inayounguza oili pamoja na petroli, yenye geji mbili za duara, moja ya mwendo na nyingine ya mizunguko ya injini. Niliachiwa na mjomba wangu aliyekuwa bwana shamba hapa Njombe. Mishale ya geji zote mbili imevunjika karibu na kitovu. Nimeuunganisha ule wa mwendo kwa supaglu, lakini sasa unatikisika hata pikipiki ikiwa imesimama na injini inaunguruma, na kioo kimeshika ukungu mweupe kwa ndani. Naomba mnielekeze namna ya kuitengeneza kabla ya Jumamosi, kwa maana hata usingizi sipati.

Kamanda_wa_Lami: Ndugu, chuma hicho kipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kisha ujichange ununue Boxer au TVS, ambazo vipuri vyake vinapatikana hadi kwenye duka la mkaa.

Mama_Tunu: Marehemu mume wangu alikuwa na Honda isiyo na geji hata moja, na alisafiri nayo kutoka Makambako hadi Songea akipima mwendo kwa kusikiliza injini tu. Tatizo lenu vijana ni kutaka kujua mnakimbia kiasi gani, badala ya kupunguza.

Fundi_Mstaafu: Kijana, nikujibu ulichouliza. Ndani ya geji ya aina hiyo, waya huzungusha sumaku, na sumaku hiyo haigusani na kikombe cha alumini kinachobeba ekseli ya mshale. Inazalisha umeme mdogo ndani ya kikombe, nao hukivuta kifuate mzunguko, huku springi nyembamba kama unywele ikikirudisha nyuma. Kwa hiyo mshale umepimwa uzito wake, na ule mkia mfupi upo ili kulinganisha ncha. Ukibandika donge la gundi upande mmoja, umeharibu mizani. Ukungu nao ni mvuke wa supaglu, ambayo haitakiwi kufungiwa ndani kabla haijakauka kabisa, wala kuachwa itiririke hadi kwenye ekseli, kwa sababu itaigandisha. Ila kuna jambo moja silielewi. Kioo kilikuwa kizima, pikipiki haikuanguka, na mishale miwili imekatika mahali pamoja. Ilikatikaje?

Mparachichi: Shikamoo mzee wangu. Nafikiri ni jua. Plastiki ya zamani hukakamaa.

Fundi_Mstaafu: Marahaba. Ni kweli jua huifanya iwe rahisi kuvunjika, lakini jua haling'oi mshale. Nani alifungua ule ukingo wa kromu unaoshika kioo cha geji?

Mparachichi: Nilifungua mimi, mzee. Nimepata mnunuzi anayekuja Jumamosi na ameshanitumia malipo ya awali kwa simu, nikaona ni vizuri kupunguza kidogo zile namba za kilomita, kwa sababu zinatisha bila sababu. Naomba msinielewe vibaya. Kihesabu kina tarakimu tano tu, kikifika 99,999 kinarudi sifuri, na hakuna anayejua kimeshazunguka mara ngapi tangu enzi za mjomba. Namba iliyopo haikuwa ya kweli hata kabla sijaigusa, kwa hiyo sijamdanganya mtu, na injini ni nzima.

Mama_Tunu: Mwanangu, kama namba haina maana, ulihangaika kuibadilisha kwa nini?

Kamanda_wa_Lami: Mama amemaliza. Mimi niliuziwa Premio iliyotembea kilomita chache mno, lakini pedeli ya breki ilikuwa imelika hadi chuma kinaonekana. Muuzaji akaniambia mwenye gari alikuwa mtu mwenye miguu mizito. Nililiendesha hadi Kibaha, likanizimikia palepale mizani, na tangu siku hiyo...

Mpekuzi_Halisi: Wanajukwaa, tunapotezewa muda. Geji ya mwendo ya DT125 huzungushwa na waya unaotoka kwenye gurudumu la mbele. Pikipiki ikiwa imesimama hakuna kinachouzungusha waya huo, sasa mshale unatikisikaje? Halafu mtu anayetaka kupunguza kilomita afungue geji ya mizunguko, ambayo haina kilomita hata moja, kwa lengo gani? Hadithi hii imetungwa na mtu ambaye hajawahi kupiga kiki. Aweke picha.

Mparachichi: Ile ya mizunguko niliifungua kwanza ili nijifunzie. Picha siwezi kuweka, kwa sababu mnunuzi naye ni mwanachama humu.

Kamanda_wa_Lami: DT125, Njombe, mjomba bwana shamba, Jumamosi. Hilo la picha ndilo lililobaki kuwa siri?

Fundi_Mstaafu: Mpekuzi, swali lako ni la maana, ila hapo umemwonea. Mshale uliopoteza mizani hutikiswa na mtetemo wa injini peke yake, na injini ile hutetemesha usukani wote. Tena asingeweza kubuni dalili hiyo kama hajaiona. Wewe Mparachichi, ng'oa mshale kwa vijiko viwili vya chai, kila upande kimoja, ukiwa umeweka karatasi juu ya uso wa geji. Lakini kwanza unyanyue uvuke kile kipini cha kuuzuia, uuache utulie wenyewe, kisha uweke alama mahali ulipotulia, kwa sababu hapo ndipo springi haivutwi. Ukiurudisha kwa kukisia tu kwenye sifuri, geji itadanganya kila mwendo. Vipande viunganishe juu ya kioo bapa, ubandike kijiti chembamba cha plastiki kwa nyuma badala ya donge la gundi, kisha uongeze uzito kidogo kwenye mkia hadi mshale ulale sawa. Rangi ya chungwa upake tabaka moja jepesi tu. Kazi hiyo kwa mikono isiyozoea haimaliziki kabla ya Jumamosi, kwa hiyo mwonyeshe mnunuzi geji zilivyo na umpunguzie bei.

Mparachichi: Nikinunua geji iliyotumika kutoka Gerezani, kule Dar es Salaam, na kuifunga, si itakuja na kilomita zake, na hapo sitakuwa nimegusa namba yoyote?

Mama_Tunu: Haya, tumeanza upya.

Mpekuzi_Halisi: Kama kweli zipo na unaziondoa, usizitupe. Nahitaji ukingo wa kromu na kioo cha ile ya mizunguko, hata chenye ukungu. Unauza shilingi ngapi?