Mjadala: Asiyeamini abatizwe na kushiriki Meza ya Bwana?

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa utulivu. Wapo wanaosema, "Muhimu ibada ifanyike, imani ya mtu anaijua Mungu mwenyewe." Wengine wanajibu kwamba pasipo imani ya kweli, maji ya ubatizo ni maji tu. Msimamo wangu ni huu: utakatifu wa tendo hautokani na imani ya mtu, lakini anayelipokea bila kuamini hatoki na kitu, na kanisa linalojua hivyo likanyamaza linamdhulumu.

Kwanza tutenganishe imani ya anayetoa na imani ya anayepokea. Ya anayetoa ilishabishaniwa zamani. Baada ya mateso ya Wakristo chini ya Diocletian, kaisari wa Rumi, yaliyoanza mwaka 303, ikadaiwa kwamba baadhi ya viongozi wa kanisa Afrika ya Kaskazini walisalimisha Maandiko kwa watawala ili wapone. Wadonati, kundi la Wakristo wa huko waliojitenga, wakasema sakramenti (matendo matakatifu kama ubatizo na Meza ya Bwana) zinazotoka kwa watu wa namna hiyo ni batili. Augustino, askofu wa Hippo, akawapinga: anayebatiza ni Kristo, hata mhudumu akiwa mwovu. Naona alikuwa sahihi kabisa. Kama ubatizo wangu ungetegemea usafi wa moyo wa aliyenibatiza, ningekuwa na uhakika gani?

Tatizo ni kwamba wengi wanaomtaja Augustino huishia hapo. Yeye huyohuyo alifundisha kwamba anayekuja kubatizwa kwa moyo wa hila amebatizwa kweli, wala habatizwi tena, ila hafaidiki mpaka atubu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, mwaka 1547 ulisema sakramenti hutoa neema kwa tendo lenyewe, lakini kwa wasioiwekea kizuizi. Naye Martin Luther, kiongozi wa matengenezo ya kanisa, mwaka 1529 aliandika kwamba imani haiufanyi ubatizo, bali huupokea. Someni pia Matendo 8: Simoni mchawi alibatizwa, kisha akaleta fedha anunue uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu. Petro hakumrudisha majini. Alimwambia moyo wake si mnyofu mbele za Mungu, atubu.

Sasa tuje kwenye ubatizo wa watoto wachanga, maana ndipo penye kidonda. Wazazi na wasimamizi wamesimama kwenye kisima cha ubatizo. Wanaulizwa kama wanamkataa Shetani, wanajibu "Namkataa." Wanaulizwa kama wanamsadiki Mungu Baba Mwenyezi, na Mwanawe, na Roho Mtakatifu, na kila mara wanajibu "Nasadiki." Padri anajua kwamba baba haamini hata neno moja; amekuja kwa kuwa bibi wa mtoto amesisitiza na mpiga picha ameshalipwa. Mtoto hana kosa lolote, na ubatizo wake ni halali. Anayedhulumiwa ni huyo baba. Kanisa lenyewe limemzoesha kusema uongo mbele za Mungu, mradi auseme kwa sauti moja na wenzake.

Na si kwamba kanuni hazipo. Sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, kanuni ya 868, inataka pawe na tumaini la msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani hiyo. Likikosekana kabisa, ubatizo uahirishwe na wazazi waelezwe sababu. Imesema uahirishwe, haikusema ukataliwe. Mwaka 2020 Vatikani ilitamka kwamba ubatizo wa kusema "tunakubatiza" badala ya "ninakubatiza" ni batili. Sipingi uangalifu huo. Kinachoniuma ni kuona neno moja la mhudumu linachunguzwa kiasi hicho, halafu mzazi anapita bila mtu kukaa naye akamuuliza anaamini nini.

Hoja nzito ya upande wa pili naijua: nani anaweza kuupima moyo wa mwenzake? Hakuna. Hata waliosema wabatizwe wanaoamini tu, kuanzia Zurich mwaka 1525, hawakuupata ufunguo wa moyo wa mtu, ingawa walilipa kwa uhai wao. Felix Manz, mmoja wao, alizamishwa mtoni mwaka 1527. Nawaheshimu sana, lakini kijana naye anaweza kuingia majini kwa sababu rafiki zake wote wameingia.

Ndiyo maana sitaki mwenye imani haba arudishwe nyumbani. Yule baba wa Marko 9 alisema anaamini, papo hapo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake, na mwanawe akaponywa. Mtu akimwambia mchungaji, "Nina mashaka, ila nataka kujifunza," huyo apokelewe kwa mikono miwili. Ninachokitaka ni mazungumzo ya kweli kabla ya ibada, na muda wa mafundisho kwa anayeuhitaji, hata kama sherehe itasogezwa mbele.

Kwa mnaosema tusimuulize mtu chochote, naomba jibu: Paulo anawaambia Wakorintho kila mtu ajihoji kabla ya kuula mkate na kukinywea kikombe (1 Wakorintho 11:28). Atajihojije mtu ambaye kanisa halijawahi kumuuliza swali hata moja?